Mkono wa Mama Mkwe na Pumzi za Bustanini

Kazi yangu ilikuwa kushika mikono ya watu nisiowajua. Katika kliniki ya moyo ya hospitali moja magharibi mwa Sydney, niliwafunga wazee wa kila kabila la dunia mkanda wa kupimia presha, nikawaambia wanyamaze, miguu yote miwili sakafuni, mgongo uegemee kiti, mkono ukae mezani usawa wa moyo. Nilikuwa mkali kuhusu mambo hayo. Mgonjwa akianza kunisimulia habari za mbwa wake katikati ya kipimo, nilikifuta na kuanza upya. Wenzangu walinitania kwamba hata maiti ningemwambia asikunje miguu.

Mkono mmoja tu sikuruhusiwa kuushika, na mkono huo ulikuwa nyumbani kwangu Toongabbie, ukinipikia ugali.

Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawakai kochi moja, na chumba anacholala mama mkwe hata ukisikia mlango wake unaungua unaita mtu mwingine aende. Mke wangu aliyaona mambo hayo kama ushamba wa zamani. Mama yake hakuyaona hivyo, na kusema kweli mimi pia sikuyaona hivyo, ingawa nilikuwa na digrii na nilikuwa nimekaa Australia muda wa kutosha kujua bei ya parachichi bila kusoma kibandiko. Mama mkwe alipokuja kwa viza ya wageni kutusaidia kulea mtoto wetu wa pili, tulianza kuishi kwa adabu ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa adabu. Ilikuwa na ukumbi mmoja mwembamba na bafu moja. Nilikohoa kabla ya kuingia ukumbini. Yeye alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Mgeni angetusikia angedhani nyumba nzima ina kifua.

Alikuja na presha yake kutoka nyumbani. Daktari wa mtaani aliendelea kumwandikia vidonge vya kumeza kila asubuhi, na mimi nikanunua mashine ya kupimia. Kwa kuwa sikuweza kumfunga mkanda mwenyewe, mke wangu alimfundisha. Utaratibu ukawa huu: mama anajipima chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo, mimi niko jikoni nimeupa ukumbi mgongo, naye ananisomea namba kwa sauti. Mimi najibu, "Vizuri, mama," au, "Pumzika kidogo upime tena, mama." Mwanzoni namba hazikuwa nzuri. Nilikuwa nikienda kazini na wasiwasi wake, nikishika mikono ya wageni huku nikiufikiria ule ambao sijawahi kuushika.

Halafu likaja jambo la bustani.

Asubuhi alikuwa akimsukuma mtoto kwenye kigari hadi kwenye bustani iliyo kando ya kijito, chini ya mikalitusi iliyomkumbusha kwao. Pale alikuta kundi la wazee wa Kichina wakifanya mazoezi yaitwayo chigong. Wanasimama magoti yamelegea, wanainua mikono polepole hadi juu kama wanabeba kitu kikubwa kisicho na uzito, wanaishusha, wanapumua kwa mpango. Aliyewaongoza alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya jua na mkoba mdogo wa kiunoni. Mama mkwe alisimama akitazama siku moja, siku ya pili akajaribu akiwa nyuma ya kigari, na baada ya hapo akawa mmoja wao. Alimvuta na rafiki yake, mama Mkongomani aliyekuwa akija kwa treni kutoka Doonside, mjane mchangamfu ambaye magoti yake yaliharibika kwa kazi ya ghala. Walikutana kanisani na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, ingawa kila mmoja alimcheka mwenzake jinsi anavyokisema.

Taarifa rasmi niliipata kwa huyo Mkongomani, aliyeniita daktari kwa Kifaransa hata nilipomwambia mara nyingi kwamba mimi ni nesi.

"Docteur, hiyo mazoezi iko muzuri sana," aliniambia akiwa sebuleni kwetu. "Ule mzee anaweka mikono yake karibu na mugongo yangu, hanigusi, lakini miye nasikia moto. Anasema ni nguvu yake inaingia. Na tension ya mama itashuka, utaona."

Katika kazi yangu nilikuwa nimeshaona bangili za shaba, maji yaliyoombewa, mafuta yaliyokamuliwa kwa nyoka kweli, na mtu mmoja msomi aliyefunga sumaku kifuani akaacha dawa za moyo hadi tukampokea akiwa na midomo ya bluu. Kila mmoja wao alianza na moto mkononi. Kwa hiyo mzee wa kofia ya jua nilimhukumu kabla sijamwona, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Wanawake wa ushirika wetu wa kanisani nao walimshuku, lakini kwa sababu zao. Mmoja alikuja na Biblia akamwonya mama mkwe kwamba ukifungua mikono hivyo hujui ni roho gani inaingia. Mama mkwe alimjibu kwamba kanisani pia huwa anafungua mikono na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilicheka jikoni, kisha nikakasirika, kwa sababu nilijikuta upande mmoja na yule dada, na mimi sikuwa na shida na roho. Shida yangu ilikuwa ushahidi.

Wakati huo nilikuwa nikisoma kozi ya jioni kwenye chuo kikuu kule Kensington. Nilipanda treni hadi mjini, kisha basi lililojikokota kando ya barabara iliyochimbuliwa kwa ajili ya reli mpya, na ndani ya basi hilo nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu chigong. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kusoma utafiti kama mtu anayenunua gari kuukuu: usisikilize redio, fungua boneti. Nikafungua boneti. Niliyoyakuta yalinichosha. Tafiti zilikuwepo, nyingi tu, lakini zilikuwa na watu wachache. Waliofanya mazoezi walilinganishwa na watu waliokaa nyumbani bila kufanya chochote, kana kwamba ushindi huo ni wa kujivunia. Aliyepima mara nyingi alijua nani yuko kundi gani, na alikuwa mpenzi wa mazoezi hayohayo. Halafu kuna tatizo ambalo hata mtu mwaminifu hawezi kulikwepa. Kidonge unaweza kutengeneza cha uongo kinachofanana na cha kweli, mgonjwa asijue amemeza kipi. Chigong ya uongo utaitengenezaje? Mtu anajua kama anainua mikono au hainui.

Pale walipolinganisha chigong na mazoezi mengine ya kawaida, kama kutembea haraka, tofauti ilinywea. Kupumua polepole na kujongea taratibu kulionekana kushusha presha kidogo, na hilo sikulikataa, kwa sababu hata mimi nikimwambia mgonjwa apumue taratibu naiona namba ikishuka mbele ya macho yangu. Ama ile nguvu inayotoka viganjani kwa mtu na kuingia mgongoni kwa mwingine, hapo sikupata chochote cha kusimamia. Wasiwasi wangu ni kwamba mambo haya mawili yalifungwa kwenye kifurushi kimoja. Mtu akionja lile dogo la kweli, atameza na lile kubwa la uongo, na baada ya hapo ataacha vidonge. Hilo ndilo nililoliogopa. Mama yangu mwenyewe alikufa kwa kiharusi nikiwa shule ya upili, na nilijua jinsi nyumba inavyokuwa siku inayofuata.

Jumamosi moja nikaenda bustanini kwa mguu wangu. Nilisalimia, nikasimama mbali na mama mkwe kama inavyopasa, nikasubiri wamalize. Mzee alinikaribisha kwa Kiingereza chake kifupi. Nilimuuliza kama ni kweli anatoa nguvu viganjani. Akasema ndiyo, akacheka. Nilimwomba tufanye jaribio. Akakubali kwa furaha, jambo lililonipa shaka zaidi.

Mama Mkongomani alijitolea. Nilimsimamisha akitazama mikalitusi, macho yamefumbwa, na mzee nyuma yake. Nikiinua kidole, mzee anaweka viganja karibu na mgongo wake. Nikishusha kidole, anaweka mikono mfukoni. Mama aseme tu lini anasikia moto.

"Nasikia," alisema. Mzee alikuwa na mikono mfukoni. "Sasa nasikia sana," aliongeza, na mzee bado alikuwa na mikono mfukoni. Viganja vilipowekwa kweli, alianza kutusimulia habari za treni iliyochelewa. Tulirudia mpaka wazee wengine wakaacha kunywa chai na kuja kutazama. Alipatia na kukosea kama mtu anayekisia mvua.

Mzee aliinua mabega. Alisema leo kuna upepo, na kwamba nguvu hiyo haipendi mtu mwenye shaka akiwa karibu. Nilitabasamu kwa ubaya. Kila mganga niliyewahi kumsikia ana sentensi hiyohiyo mfukoni.

Nilipogeuka nilikutana na uso wa mama mkwe. Alikuwa ameaibika hadi masikioni, si kwa ajili ya mzee, kwa ajili yangu. Hakusema nami. Alimgeukia rafiki yake, akasema kwa sauti niliyokusudiwa kuisikia, "Mwambie mkwe wangu kwamba mzee wa watu hajaribiwi mbele ya watu."

"Docteur, umesikia?" mama Mkongomani akauliza.

Nilisikia. Nikarudi nyumbani nimeshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha.

Tangu siku hiyo namba zikawa nzuri. Ninaposema nzuri, namaanisha nzuri za kutia shaka. Presha ya mtu wa umri ule huruka na kushuka. Leo kalala vibaya, kesho kala chumvi, keshokutwa mjukuu kamwaga uji. Ya mama mkwe ilikaa imetulia kama watoto wa Sunday school. Kila asubuhi, akitoka bustanini, nilisikia mashine ikivuma kule chumbani, ikanyamaza, ikavuma tena, halafu sauti yake yenye kiburi kidogo ikinisomea namba ambazo hata mimi sikuwa nazo.

"Vizuri sana, mama," nilijibu nikiwa nimeupa ukumbi mgongo. Ningesema nini kingine?

Lakini nilimwambia mke wangu, alipotoka zamu kwenye nyumba ya kutunza wazee, kwamba mama yake ananidanganya au mashine inamdanganya yeye.

"Si u-relax kidogo," alisema akivua viatu. "Kila kitu kwako ni crime scene. Presha iko juu, unalia. Presha imeshuka, unalia."

"Angalia kama anameza dawa."

"Nimeangalia. Zile pakiti zinaisha vile zinafaa kuisha. Ama unataka nimfungue mdomo kama mtoto?"

Pakiti kweli zilikuwa zinaisha. Niliziona mwenyewe kwenye pipa la takataka, karatasi zake zimetobolewa zote. Basi nikabaki sina pa kushika. Anameza dawa, anafanya mazoezi, na namba zimeshuka. Daktari wa mtaani alifurahi, akaanza hata kuzungumzia kupunguza dozi. Kuna jioni nilikaa kwenye basi la Kensington nikajiuliza kama nimemkosea yule mzee, na kama kuna jambo katika mazoezi yale ambalo tafiti zote zile mbovu zimeshindwa kulikamata. Sikupenda kujiuliza hivyo. Ila nilijiuliza.

Ilikuwa Jumamosi nyingine, mke wangu akiwa kazini. Mama mkwe alikuwa jikoni akisukuma chapati, mimi nilikuwa uani nikianika nguo. Binti yetu mkubwa, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno moja, alitokea mlangoni.

"Dad, Grandma's talking funny."

Niliingia bado nimeshika kibanio cha nguo. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya meza, unga umemwagika, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Aliponiona nimekaribia alifanya alichokuwa amefanya maisha yake yote: alirudi nyuma, kwa heshima. Mguu ukamkatalia. Nikamdaka.

Nakumbuka mkono ule. Ulikuwa mzito, wa moto, umejaa unga hadi kwenye kiwiko, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Alijaribu kuuvuta. Nilimwambia, "Mama, leo niache," nikamkalisha kitini, nikaweka simu mezani na kupiga ambulansi huku nikiongea naye.

Kuna kitu tunachomwambia mtu tukishuku kiharusi: inua mikono yote miwili mbele, uishikilie. Nilimwambia. Akanitazama, na nikaona ameelewa kitu kingine. Aliketi wima. Alivuta pumzi kwa mpango, akafumba macho, akaanza kuinua mikono polepole kama walivyokuwa wakifanya bustanini. Alidhani na mimi sasa nimeamini. Wa kulia ulipanda mpaka juu. Wa kushoto ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukashuka wenyewe mapajani, na yeye macho bado yamefumbwa, hakujua kwamba umeshuka.

Nilimfunga mkanda kwa mikono yangu, mkono ukiwa mezani, usawa wa moyo. Namba ya juu ilipita mia mbili. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa kazini.

Walimwahi. Hilo nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa saa nyingi kwenye kiti cha plastiki bila kuambiwa. Kilikuwa kiharusi kidogo, ulimi ukarudi upesi, mkono wa kushoto ukabaki mzembe. Daktari aliuliza dawa gani anameza, na lini alimeza mara ya mwisho. Mama mkwe alitazama dirishani.

Mimi sikusubiri jibu. Nilishajua. Siku iliyofuata nilikwenda bustanini na hasira niliyoibeba tangu hospitalini. Mzee alikuwa akikunja jaketi lake. Nilimuuliza bila salamu kama ndiye aliyemwambia mama aache vidonge. Ilibidi niulize mara mbili, kwa Kiingereza cha polepole. Aliponielewa alikaa kwenye benchi, rangi ikamtoka. Alifungua mkoba wake wa kiunoni, akatoa kiboksi cha dawa, kile chenye vyumba vya siku za wiki, akanionyesha. Vidonge vyake vya presha vilikuwemo, vingine vilevile anavyoandikiwa mama. Alisema anameza kila asubuhi kabla ya mazoezi, na kwamba huwaambia wote wameze. Nilitaka asiwe mkweli. Nilikikagua kile kiboksi kama polisi, nikamrudishia, na bado nilimwambia kwamba moto wa viganjani ni uongo. Alisema hilo tutajadili mama akipona.

Ukweli ulitoka kwa mama Mkongomani, aliyekuja hospitalini na sufuria ya maharage ambayo manesi walimkataza kuifungua. Alinivuta ukumbini.

"Docteur, usikasirike. Mama anaweka dawa kwa kopo. Kopo ya maziwa, iko chini ya kitanda. Ni ya dada yake. Kule kwenu dada yake ana tension, na dawa anapata leo, kesho hapati. Mama alisema dawa ya huku iko na nguvu, na yeye amepona, sasa aikule ya nini?"

Mke wangu alilikuta kopo. Kila asubuhi mama alikuwa akitoboa kidonge, akakitia humo, akatupa karatasi kwenye pipa. Hakuna aliyemdanganya. Alikuwa tu anafanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya anapokaribia kurudi nyumbani, kuweka kando kitu kizuri cha ughaibuni kwa ajili ya ndugu. Sisi wenyewe tulikuwa na sanduku la sabuni na viatu chini ya ngazi.

Mke wangu alipomuuliza kitandani ni nani alimwambia amepona, alijibu bila kusita, huku mimi nimesimama nje ya pazia. "Mkwe wangu. Si ndiye mtu wa presha? Kila siku nilimsomea, kila siku alisema vizuri, vizuri sana. Yeye mwenyewe."

Nilishika lile pazia.

Baadaye nesi wa wodi, Mfilipino mcheshi, alimwomba mama amwonyeshe jinsi anavyojipima nyumbani. Mama akamwonyesha kwa fahari. Alilala chali, akapanga mito mitatu kando yake, akaweka mkono juu kabisa ya mito, juu zaidi ya moyo, akafumba macho na kupumua kwa mpango wa bustanini. Akaeleza kwamba mashine ikitoa namba mbaya unaisamehe, unarudia, mpaka itoe ile nzuri, na hiyo ndiyo unayomsomea mkwe, maana mkwe ana kazi nyingi na tena anamdharau mzee wa watu. Nesi alinitazama. Mkono ukiuinua hivyo namba hushuka bila mtu kuwa amepona chochote, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nilisoma makosa ya kupima ya watafiti wa nusu ya dunia nikiwa kwenye basi, na ndani ya nyumba yangu kipimo kilifanyika nyuma ya mlango ambao sikuruhusiwa kuutazama.

Wiki zilizofuata mtaalamu wa viungo alimfundisha kuuinua ule mkono wa kushoto: polepole, pumua, juu, pumua, chini. Mama mkwe alimwambia kwamba haya anayajua tayari. Mkono ulirudi karibu wote. Mimi nasema ni kwa sababu aliwahiwa, ni dawa, ni ubongo unaojifunza upya. Yeye anasema ni chigong. Hakuna namna ya kujua, kwa sababu mama mkwe ni mmoja tu na hatuwezi kumgawa makundi mawili. Huwa namwambia hivyo, naye husema ndiyo maana Mungu hakutuumba watafiti.

Suala la kugusana lilimalizwa na yeye mwenyewe. Alimtuma mke wangu aniambie kwamba mkwe ameshamshika na mbingu hazikuanguka, ila heshima ina gharama yake, na gharama hiyo ni blanketi zito lenye rangi ya damu ya mzee. Nikanunua. Nikalipokeza kwa mikono miwili mbele ya mama Mkongomani kama shahidi. Kuanzia hapo, kila asubuhi akitoka bustanini, alikaa kwenye meza ya jikoni, akakunja mkono wa sweta, akageuza uso dirishani, akaunyosha mkono. Nami nilimfunga mkanda nikitazama ukuta. Tulipima hivyo mpaka viza ilipokwisha, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Siku hizi yuko nyumbani Kenya. Mashine alikwenda nayo, na dawa za dada yake tulizinunua kando, za kwake zikabaki za kwake. Nampigia Jumapili.

"Presha je, mama?"

"Nzuri, baba. Mia na ishirini na mbili."

"Nani amekupima?"

Kule nyumbani anaishi karibu na mkwe wake mwingine, mume wa binti wa mwisho, mwalimu mwenye adabu ambaye haingii hata sebuleni akijua mama yumo.

"Nimejipima," anasema.

"Mkono ulikuwa wapi?"

"Mezani."

Nyuma yake nasikia kitanda kikilia.